Somo la Nane: Samaki wa Rangi kwa Tangi Dogo la Maji ya Bahari

Miongoni mwa bidhaa zote tunazozijadili katika kijitabu hiki, hii ndiyo pekee inayopumua. Jokofu lililonunuliwa kwa pupa hukaa jikoni likimkumbusha mwenyewe kosa lake. Samaki aliyenunuliwa kwa pupa hufa, na mara nyingi hufa kabla mnunuzi hajajua alikosea wapi. Ndipo mnunuzi hurudi dukani kuchukua mwingine. Kwa mwendo huo mtu huweza kutumia katika miezi mitatu fedha ambazo zingemtosha kwa miaka mingi, maana samaki wadogo wa baharini wakitunzwa ipasavyo hawana haraka ya kufa. Wako samaki wa anemoni waliozidi miaka 20 wakiwa ndani ya tangi la kioo.

Somo hili tumemwandikia msomaji anayetaka tangi dogo, la lita 100 hadi 150, lenye samaki wachache wa rangi za kupendeza, na ambaye hajapata kufuga samaki wa maji ya chumvi. Tunamwomba ashike jambo moja. Rangi ndiyo inayomuuza samaki, lakini rangi haisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kuishi sebuleni mwako. Yanayosema ni chakula anachokubali kula, tabia yake kwa wenzake, na urefu atakaoufikia akikomaa. Mambo hayo matatu huulizwa dukani, na huulizwa kabla ya mkono kuingia mfukoni.

Maji kabla ya samaki

Kosa linalogharimu kuliko yote hutendeka siku ya kwanza: kununua tangi na samaki katika safari moja. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa wamo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo nitriti ni sumu vilevile. Kisha bakteria wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia isipokuwa nyingi mno. Bakteria hao huhitaji muda wa kuzaliana juu ya mawe, mchanga na chujio. Kwa kawaida muda huo ni wiki nne hadi sita. Katika kipindi hicho pampu huzunguka, maji hupashwa joto, na chembe chache za chakula hutiwa zioze ili bakteria wapate cha kula, lakini samaki hayumo. Nunua vipimo vya amonia na nitriti siku ileile unayonunua tangi. Siku vipimo vyote viwili vitakapoonyesha sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, ndipo utakapokwenda kumtafuta samaki wa kwanza.

Wapo wauzaji watakaokushauri utie samaki wa bei ndogo, hasa wa jamii ya damseli, ili wao ndio waivishe maji. Tunaupinga ushauri huo. Kwanza ni ukatili, kwani samaki hao hukaa wiki nzima wakiungua mashavu kwa amonia. Pili, hao wasiokufa ndio watakaokutesa baadaye: damseli hulimiliki tangi lote, na kila samaki mpole utakayemtia baada yao hufukuzwa hadi afe kwa njaa na hofu. Kumtoa damseli mmoja katikati ya mawe humlazimu mtu kulibomoa tangi lake.

Kuhusu chumvi yenyewe, chumvi ya mezani haifai. Hiyo ni karibu sodiamu kloridi tupu, ilhali maji ya bahari yana magnesi, kalsi, potasi na madini mengine ambayo viumbe wake wameyazoea. Iko chumvi maalumu ya matangi, na hutumika kiasi cha gramu 35 hivi kwa kila lita ya maji; kwa tangi la lita 120, basi, uwe tayari kununua zaidi ya kilo nne kwa kujaza mara ya kwanza tu, na nyingine kwa ajili ya kubadilisha maji. Maji ya mfereji yenye klorini yatiwe dawa ya kuiondoa kabla ya kuchanganywa. Kipimo cha uzito wa maji kisome kati ya 1.023 na 1.026, na joto liwe nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi; chumvi haikauki pamoja na maji, na anayejaziliza kwa maji ya chumvi kila siku huikoleza bahari yake mpaka imuue samaki.

Wakaao pwani huuliza kama waweza kuchota baharini. Waweza, ila si popote wala si wakati wowote. Bandarini hapafai, wala karibu na hoteli zinazomwaga maji machafu, wala mlangoni mwa mto. Nyakati za masika maji ya Malindi hubadilika rangi kwa tope la mto Sabaki, na chumvi yake hupungua. Chota mbali na ufuo, maji yakiwa yamejaa, uyachuje kwa kitambaa safi na uyapime kabla ya kuyatumia.

Neno moja zaidi kwa wakaao ghorofani: lita 120 za maji ya bahari zina uzito unaozidi kilo 120, bila kuhesabu kioo na mawe. Meza ya runinga haikuundwa kwa mzigo huo.

Wa kuanza nao

Tangi la ukubwa tuliotaja hutosha samaki wadogo watatu au wanne. Idadi hiyo huwasikitisha wengi wanaoiona kwa mara ya kwanza, lakini mtu akishaliona tangi lenye samaki wanne wenye afya na nafasi ya kuogelea, haoni upungufu.

Wa kwanza tunayempendekeza ni samaki wa anemoni aitwaye Amphiprion ocellaris, yule mwenye mwili wa rangi ya chungwa na mikanda mitatu myeupe, ambaye watoto walimjua kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Hufikia sentimita nane au tisa, hula karibu kila chakula, na huzalishwa kwa wingi katika mashamba ya samaki. Anemoni yenyewe hahitaji, na tunakushauri usiinunue, kwani anemoni ni mgumu kumtunza kuliko samaki na akifa huyachafua maji yote. Nunua wawili wadogo wasiolingana ukubwa. Samaki hawa wote huzaliwa madume, aliye mkubwa zaidi hugeuka jike, na mdogo hubaki dume wake, hivyo huna haja ya kumlipa muuzaji zaidi kwa kukuchagulia "mume na mke."

Bahari yetu ina ndugu zake wawili. Amphiprion akallopisos ana rangi ya chungwa iliyofifia na mstari mweupe mgongoni. Amphiprion allardi ni mweusi-kahawia mwenye mikanda miwili yenye weupe wa kielekea bluu, na mapezi ya manjano. Wote ni wagumu wa maisha, lakini Amphiprion allardi huweza kufikia sentimita 14 na ni mkali. Kwa tangi dogo, awe peke yake na mwenziwe, pasiwe na samaki mwingine.

Wa pili ni Pterapogon kauderni, samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi na vidoa vyeupe, mwenye mapezi marefu, anayeelea mahali pamoja kama taa iliyotundikwa. Asili yake ni visiwa vya Banggai nchini Indonesia pekee, na kwa sababu alivuliwa kupita kiasi huhesabiwa miongoni mwa samaki walio hatarini. Kwa hiyo mnunue aliyezalishwa na wafugaji tu. Jambo hilo si gumu, kwani dume hulea mayai mdomoni na wafugaji wengi wamefaulu kuwazalisha. Usinunue zaidi ya wawili, maana madume hupigana.

Atakayetaka zambarau amtafute Gramma loreto kutoka bahari ya Karibi, ambaye nusu ya mbele ya mwili wake ni zambarau na nusu ya nyuma ni manjano. Au Pseudochromis fridmani wa bahari ya Shamu, aliye zambarau mwili mzima. Wote wawili hukaa mapangoni, kwa hiyo mawe yapangwe yaache nafasi za kujificha. Chukua mmoja wao, usiwachanganye: kila mmoja humwona mwenye rangi yake kuwa adui. Atakayetaka manjano ana gobi aitwaye Cryptocentrus cinctus, mchimbaji wa mashimo asiyesumbua mtu.

Nemateleotris magnifica, ambaye hupatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki, ana kichwa chenye manjano, mwili mweupe na mkia mwekundu kama kaa la moto. Ni mpole na hula vizuri. Aibu yake ni moja: akishtuka huruka. Wengi wamemkuta asubuhi amekauka sakafuni. Asiye na kifuniko chenye wavu asimnunue.

Na kwa anayetaka fahari ya miamba yetu wenyewe, yuko kitatange mdogo, Centropyge acanthops, bluu iliyoiva yenye mgongo wa manjano kama jua la asubuhi. Hazidi sentimita nane. Huyu si wa mwezi wa kwanza. Huhitaji tangi lenye umri wa miezi kadhaa, ambalo mawe yake yameota mwani wa kudonoa. Msubiri. Tunaona yeye ndiye mzuri kuliko wote tuliowataja, na tunakiri kwamba katika hili hatukosi upendeleo.

Wazuri wa kuwaacha

Sehemu hii ndiyo itakayokuokolea fedha nyingi zaidi, kwa sababu samaki wasiofaa ndio mara nyingi wanaong'aa zaidi katika matangi ya duka.

Baadhi hukua. Samaki wa bluu mwenye mkia wa manjano wa filamu ileile, Paracanthurus hepatus, huuzwa akiwa na urefu wa kidole na hufikia karibu sentimita 30. Kangaja wa bluu isiyokolea, Acanthurus leucosternon, ambaye wapiga mbizi wetu huwakamata kwa wingi, huzidi sentimita 20, huogelea mchana kutwa, na hushikwa upesi na ugonjwa wa vidoa vyeupe akibanwa mahali padogo. Hao ni samaki wa matangi ya mamia ya lita.

Baadhi hubadilika rangi, na hapa mnunuzi hulipia kitu asichokipata. Kitatange mfalme, Pomacanthus imperator, akiwa mdogo ni bluu nzito yenye duara nyeupe zilizozungukana. Akikomaa duara hutoweka, yakaja mistari ya manjano na bluu, na mwili hufikia sentimita 40. Yule damseli mweusi mwenye vidoa vitatu vyeupe, Dascyllus trimaculatus, hupoteza vidoa na weusi wake akikua, akabaki wa kijivujivu mwenye hasira. Muuzaji asipokwambia haya, hajakwambia uongo, lakini hajakwambia bidhaa ni nini.

Na baadhi hufa njaa mbele ya chakula. Vipepeo wengi wa baharini hula nyama ya matumbawe yaliyo hai. Synchiropus splendidus, samaki mdogo mwenye michoro ya kijani, bluu na chungwa kama zulia, hula vijidudu vidogo vinavyotembea mawenyewe, na katika tangi dogo huvimaliza kwa siku chache. Samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, huishi kwa kuwadonoa wenzake vimelea. Ukimpeleka kwenye tangi lenye samaki wanne, umempeleka jangwani. Hawa huonekana wazima dukani, kwa sababu kufa kwa njaa huchukua majuma. Mnunuzi hudhani ameua kwa uzembe, kumbe samaki alianza kufa siku aliyotolewa baharini.

Farasi wa bahari, matumbawe magumu na makome makubwa yaitwayo tridakna biashara yao baina ya nchi hudhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Ukiuziwa aliyeingizwa nchini, omba kuonyeshwa kibali. Wala usidhani kwamba kuvua mwenyewe ni njia ya mkato: katika hifadhi za taifa za baharini, kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, kutoa samaki au hata jiwe ni kosa.

Samaki aliyekushinda, mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa. Usimtupe baharini, hata kama unaamini anarudi kwao. Samaki-simba wa bahari zetu walionekana Florida mwaka 1985, na inaaminika walitoka katika matangi ya watu. Leo wameenea Karibi yote, wakila samaki wadogo wa miamba isiyowajua.

Dukani

Nenda siku ya kazi, wakati muuzaji ana nafasi. Anza kutazama matangi yote, hata ya samaki usiowataka. Palipo na mzoga mmoja chini ya jiwe, maji hayo huenda yanazunguka duka zima. Kisha mtazame unayemtaka: macho yawe maangavu, mapezi yakunjuke, pumzi isiwe ya kasi, mgongo usiwe umechongoka, ngozi isiwe na vidoa kama chembe za chumvi wala vumbi la rangi ya dhahabu.

Halafu fanya jambo ambalo wanunuzi wengi huona haya kulifanya.

"Kaka, huyu anakula nini?"

"Anakula kila kitu, mama."

"Vizuri. Basi naomba nimwone akila."

Muuzaji mwaminifu hufungua kopo papo hapo. Akijibu kwamba samaki amekwisha kula asubuhi, hakuna ugomvi. Muulize saa ya kesho ya kulisha, ulipe siku hiyo. Samaki asiyekula mbele yako dukani hana sababu ya kula nyumbani kwako. Uliza pia ameingia dukani lini. Aliyefika jana kutoka uwanja wa ndege bado hajaonyesha magonjwa yake. Aliyekaa siku kumi akila ana thamani zaidi, hata akiwa wa bei ya juu kidogo.

Uliza alikotoka. Aliyezalishwa shambani amezoea chakula cha chembe na maisha ya kioo, nasi twampendekeza kila anapopatikana. Akiwa ametoka baharini, uliza alinaswaje. Wapiga mbizi wa pwani yetu hutumia nyavu za mkono. Katika sehemu za Asia ya Kusini-Mashariki wako waliozoea kupuliza sianidi kwenye miamba ili samaki alewe na kushikika. Sumu hiyo huua matumbawe, na samaki mwenyewe huweza kuogelea vizuri kwa siku kadhaa kabla ya kufa.

Mwisho, risiti. Majina ya dukani hayana mwenyewe: jina moja hutumiwa kwa samaki watatu, na samaki mmoja huwa na majina matatu. Omba jina la kisayansi liandikwe kwenye risiti, pamoja na tarehe, na kama amezalishwa au amevuliwa. Ndiyo maana tumeyatumia majina hayo katika somo hili, ingawa si mepesi kutamka. Uliza na masharti ya kurudishiwa fedha, uyapate kwa maandishi.

Nyumbani

Samaki mpya angekaa kwanza peke yake katika tangi la karantini kwa wiki nne. Tangi dogo lisilo na mchanga, lenye chujio la sponji na kipande cha bomba la kujifichia, latosha. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuwapoteza samaki wote kwa ugonjwa wa mgeni mmoja. Dawa za shaba hutumiwa humo tu, kwani huua kamba na konokono wa tangi kubwa. Tia samaki mmoja mmoja, mpole akitangulia na mkali akifuata, na kati yao zipite wiki mbili au zaidi.

Umeme ukikatika, adui wa kwanza ni upungufu wa oksijeni, maana maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Pampu ya hewa inayotumia betri iwe ndani ya nyumba kabla ya samaki kuwamo. Usiwalishe mpaka umeme urejee.

Akifa mapema

Pima maji saa ileile, uandike amonia, nitriti, uzito wa maji na joto. Ikiwa amonia ipo, kosa laelekea kuwa lako, na ni afadhali ulijue kuliko kununua mwingine afe vivyo hivyo. Ikiwa maji ni mazuri, mpige picha samaki, mfunge katika mfuko na umweke kwenye barafu, kisha uende dukani na risiti, picha na vipimo vyako.

Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 hukataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo au ya kupotosha. Uliyeambiwa kwamba samaki hatazidi sentimita kumi, ilhali jina lililo kwenye risiti ni la samaki wa sentimita 30, una hoja. Uliyeambiwa kwamba amezalishwa shambani, kumbe amevuliwa, una hoja vilevile. Usiyeuliza chochote, ukachukua mwenye rangi kali kuliko wote, hoja yako ni nyembamba. Zungumza na mwenye duka kwanza, kwa upole. Msipoelewana, andika barua siku hiyohiyo ukieleza uliambiwa nini, na nani, na lini, ubaki na nakala yake, kisha uilete kwetu pamoja na risiti.